Taulo Lililotundikwa

Nilifika katika hoteli ya kwanza saa nne usiku, nikiwa nimeshinda ndani ya treni tangu alfajiri, na nilipoingia bafuni kunawa uso nikaikuta kadi ndogo ya kijani imeegemezwa kwenye kioo. Ilieleza kwamba mgeni anayejali mazingira alitundike taulo lake, na anayetaka kubadilishiwa aliache sakafuni. Safari yenyewe ilikuwa ya kikazi: siku tatu hapo, siku tatu katika mji mwingine, kisha kurudi pale pale kwa siku mbili kabla ya kupanda treni ya kwetu. Nikaoga, nikalitundika taulo, nikalala nikijiona mtu mwema.

Jioni iliyofuata nililikuta taulo jipya limekunjwa vizuri, na lile langu halipo. Nililitundika hilo jipya nalo, likaondolewa. Siku ya tatu nililiacha sakafuni, na nakiri kwamba mambo hayakuishia kwenye taulo. Mlangoni palikuwa na kile kitundu cha kuchomekea kadi, ambacho huzima taa na kiyoyozi mgeni anapotoka na kadi yake. Nikachomeka kadi ya basi badala ya ile ya mlango, nikaenda zangu kazini huku kiyoyozi kikivuma kwenye nyuzi 18, ili nikirudi nikute chumba kimepoa. Nyumbani kwangu sithubutu kufanya hivyo, maana bili ni yangu. Hapo, hata hivyo, nilikuwa nimeshaona kwamba mwenye nyumba mwenyewe hayaamini anayoyaandika, na mgeni huwa mwepesi wa kuiga asichoambiwa.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mama wa usafi akisukuma kigari chake kwenye korido, nikamwamkia, kisha nikamuuliza kuhusu taulo.

“Mwanangu, mkaguzi akiingia haulizi kama lilitundikwa,” alinijibu. “Anaangalia kama kuna jipya. Nisipobadilisha, ninayeulizwa ni mimi.”

Kumbe kadi ilikuwa imeandikwa na watu wengine, na orodha ya ukaguzi imeandikwa na wengine kabisa. Njiani nilimkumbuka Jay Westerveld, mwanamazingira wa Marekani, ambaye mwaka 1986 aliandika makala akizilaumu hoteli zinazowaomba wageni watumie taulo tena kwa jina la mazingira ilhali hazifanyi mengine ya maana kupunguza uchafuzi. Ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuupa jina mtindo huo wa kujipaka rangi ya kijani.

Sisemi kwamba maneno ya kadi hayana kazi. Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walichapisha mwaka 2008 majaribio waliyoyafanya hotelini: ujumbe wa kawaida wa kuhifadhi mazingira uliwafanya takriban asilimia 35 ya wageni watumie taulo tena, ilhali ulioeleza kwamba wageni wengi hufanya hivyo uliwapata asilimia 44. Katika jaribio la pili, ujumbe uliowataja wageni waliowahi kulala katika chumba hicho hicho ulifikia asilimia 49. Watafiti waliorudia jambo hilo Ujerumani, wakachapisha mwaka 2014, hawakuuona ubora huo wa ujumbe wa wengi, wala mimi sishangai, kwa sababu maandishi husomwa pamoja na yale ambayo macho yanayaona chumbani.

Katika hoteli ya pili sikukuta kadi yoyote bafuni. Kijana wa mapokezi aliniambia tu, akinipa ufunguo: “Dada, chumba chako kitasafishwa siku utakayoomba. Ukihitaji taulo au mashuka, tupigie.” Sikupiga simu hata mara moja. Nilikuwa mtu yule yule, mchovu vile vile, ila safari hii uvivu wangu ulikuwa upande wa mazingira: kule niliombwa nijitahidi, huku ilibidi nijitahidi ndipo nipoteze.

Bafuni, kwenye mpini wa bomba la mvua, palikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha lita za maji kadiri yalivyomwagika. Siku ya kwanza nilikitazama kwa udadisi tu, nikafika lita 61. Siku ya pili nilijikuta nimefunga bomba wakati wa kujipaka sabuni, nikatoka na 34, na siku ya tatu nilikuwa nikishindana na nafsi yangu, jambo la kitoto kidogo kwa mtu wa umri wangu. Vifaa vya aina hiyo vilijaribiwa katika hoteli sita za Uswisi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba nishati iliyotumika kuogea ilipungua kwa asilimia 11.4, ingawa wageni wale hawakuwa wakilipia maji wala umeme wake. Sahani za mezani nazo zilikuwa ndogo. Nchini Norwei hatua hiyo peke yake ilipunguza mabaki ya chakula hotelini kwa takriban moja ya tano.

Niliporudi katika hoteli ya kwanza, niliiacha kadi ya basi mkobani. Kiyoyozi kikazimika nilipotoka, na jioni chumba kilikuwa cha moto kwa dakika kumi hivi, basi. Kuhusu taulo, niliamua kumwondolea mama yule lawama: nikalitundika, nikabandika karatasi yenye jina langu na namba ya chumba, nikaandika kwamba ni mimi mgeni niliyeomba lisibadilishwe. Jioni nililikuta pale pale nilipoliacha, na karatasi yake haijaguswa. Kitandani palikuwa na taulo lingine jipya, limekunjwa kwa umbo la bata.