Kicho cha Mungu na Mtu Aliye Mikononi Mwako

Katika sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, mistari minne tu kabla ya agizo la kumpenda jirani kama nafsi yako, imo amri fupi ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa: “Usimlaani kiziwi, wala usitie kwazo mbele ya kipofu, bali umche Mungu wako.” Kiziwi hasikii alivyotukanwa, na kipofu hawezi kumtambua aliyemwekea gogo njiani, kwa hiyo mwenye kuwatendea hivyo hana wa kumshitaki, na hata akishitakiwa hakuna wa kutoa ushahidi. Ndiyo maana amri hiyo haitaji wazee wa mji wala adhabu yoyote, bali inamtaja Mungu peke yake. Ninaamini kwamba upendo wa Kikristo hupimwa hasa hapo, pale mwenzako anapokuwa mikononi mwako na hakuna mtu mwingine anayekutazama.

Nina shangazi ambaye macho yake yamepoteza nuru uzeeni. Wanawe walioko mjini humtumia fedha kwa simu, na mkamwana anayeishi naye ndiye anayesoma ujumbe, anayekwenda kwa wakala kuzitoa na kurudi nazo nyumbani. Nimeketi karibu nao nikamwona shemeji yangu huyo akimkabidhi. Kwanza humsomea ujumbe wote, pamoja na makato ya kutolea, kisha humwekea noti moja moja kiganjani akiitaja, “Mama, hii ni elfu kumi, na hii ni elfu tano,” na kusubiri hadi vidole vya mzee vimalize kuipapasa ndipo atoe nyingine. Shangazi anayo namba yake ya siri, lakini namba ya siri inamlinda vipi mtu ambaye hana budi kuitamka ili mwingine ambonyezee? Nilipompongeza shemeji kwa uaminifu wake, alinijibu kwa kifupi, “Mama haoni, ila Mungu anaona.”

Wapo watakaosema kwamba huo ni uaminifu wa woga, na kwamba ingekuwa bora kama angesema anafanya hivyo kwa sababu anampenda mama mkwe wake. Mimi sioni sababu ya kuvitenganisha viwili hivyo. Zipo siku shangazi huamka na maneno makali, akaukataa uji na kulalamikia kila kitu, na siku kama hizo hisia za mapenzi hupoa kwa binadamu yeyote. Hata hivyo, noti huhesabiwa vilevile. Kicho cha Mungu ndicho kinachoushikilia upendo wakati moyo umechoka, na Yohana anapoandika kwamba katika pendo hamna hofu, anaizungumzia hofu ya adhabu, hofu ya mtumwa anayengojea fimbo, ambayo ni tofauti kabisa na heshima ya mtoto anayejua kwamba Baba yake anawapenda pia wale alio nao nyumbani.

Nehemia analieleza jambo hilo kwa upande wa mtawala. Alikuwa liwali katika nchi ya Yuda kwa miaka 12, na cheo hicho kilimpa haki ya kula chakula cha liwali kwa gharama ya wananchi. Waliomtangulia waliitumia haki hiyo hadi kuwalemea watu, wakatwaa mkate na divai na shekeli 40 za fedha juu yake, na watumishi wao nao wakajifanya mabwana. Nehemia anasema kwamba yeye hakufanya hivyo kwa sababu ya kumcha Mungu, na mistari michache baadaye anaongeza kwamba utumwa wa watu wale ulikuwa mzito. Ninavutiwa sana na jinsi sababu hizo mbili zinavyokaa pamoja, kwa kuwa mtu aliyemcha Mungu kwa kweli ndiye aliyeuona mzigo mgongoni mwa mwenzake, akaacha hata kile ambacho hakuna sheria iliyomzuia kukichukua.

Katika ndoa jambo hili linahitaji kusemwa waziwazi zaidi. Kwenye ibada nyingi za ndoa, somo la Waefeso 5 huanzia mstari wa 22, pale wake wanapoagizwa kuwatii waume zao, na mstari wa 21 huachwa, ingawa huo ndio mlango wa sehemu yote: “hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo.” Agizo hilo ni la wote wawili. Tena Paulo anatumia maneno mengi zaidi kwa waume kuliko kwa wake, akiwataka wapende kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Petro naye anawaonya waume wawape wake zao heshima, ili kuomba kwao kusizuiliwe. Inanihuzunisha kuona kumcha Mungu kukihubiriwa kwa mke aliyepigwa ili avumilie, huku aliyempiga akipewa nafasi ya kuongoza sala, wakati Maandiko yanasema wazi kwamba mwenye sababu ya kutetemeka hapo ni mume.

Baada ya Yakobo kuzikwa, ndugu zake Yusufu waliingiwa na hofu kwamba sasa atawalipa ule ubaya wa kumuuza. Mamlaka ya Misri yalikuwa mkononi mwake, na baba ambaye pengine alimzuia hayupo tena. Yusufu akalia, akawaambia, “Msiogope, je! Mimi ni badala ya Mungu?” Hakusema kwamba kosa lao lilikuwa dogo, maana katika mstari unaofuata analiita ubaya. Alikataa tu kukikalia kiti cha hukumu kisicho chake, kisha akawaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Ningependa maneno hayo yasomwe katika kila kikao cha mirathi baada ya matanga, kaka mkubwa akiwa na hati za shamba mfukoni na mdogo wao wa mwisho akiwa bado shuleni, hajui hata mpaka unapita wapi.