Naona watu kama miti

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tuko Marko 8:22-25, yule kipofu wa Bethsaida, na mnivumilie maana nitaingiza na habari zangu.

Wengi hapa Moshi mnanijua kwa picha za harusi na kipaimara. Mnajua pia mwaka juzi nilipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Sasa kwa ambaye hajawahi kushika kamera, kitufe cha kupigia kiko kulia, yaani mkono ule ule. Nikawa naiangalia tu pale kabatini, nalia.

Siku moja alfajiri niko kibarazani, jua halijatoka, Kibo imefunguka haina hata wingu, nikamwambia mama watoto niletee kamera. Nikaishika kwa kushoto, kidole cha kulia nikakisukuma hadi kwenye kitufe, mkono mzima ukaenda nacho, na kumbe shata ilikuwa bado kwenye nusu sekunde tangu ibada ya mkesha niliyoipiga kwa tripodi kabla sijaumwa, kwa hiyo muda wote huo lenzi iko wazi na mimi natetemeka. Mlima haukuwepo kwenye picha. Kulikuwa na bluu nzito, mchirizi mweupe umevutwa chini, na migomba imekuwa mistari tu ya kijani. Nikataka kuifuta. Mama watoto akaiangalia kimya, alafu akasema, "Baba Neema, hii si ndo ile baridi ya alfajiri."

Miaka yote ya harusi sijawahi kupiga picha ya baridi.

Baadaye nikasoma kwenye simu kwamba picha hizi zinaitwa abstrakti, na kwamba mwaka 1917 kule London mpiga picha mmoja, Alvin Langdon Coburn, alifunga vioo vitatu kwa pembe tatu akapiga kupitia hapo, makusudi kabisa, vitu vivunjike vibaki mwanga na maumbo. Mimi nilidhani nimeharibu.

Turudi Bethsaida. Yesu anamwuliza yule mtu, unaona kitu? Angeweza kusema ndiyo Bwana naona vizuri, kwa shukrani tu au kwa aibu. Akasema ukweli, naona watu ila kama miti inatembea. Na Yesu hakumkemea! Hakumwambia imani yako haba. Mimi kuna waliokuja kunitembelea wakaniambia hivyo, kitandani, na hapo sikubaliani nao mpaka leo. Angalieni mpangilio wenyewe: ule ukungu machoni haukuwa kabla Yesu hajamgusa, ulikuwa baada. Mkono ulishapita. Alikuwa katikati ya kuponywa na Bwana bado amesimama mbele yake, hajaondoka, ndipo akamwekea mikono mara ya pili.

Siku hizi nikipata mtu wa kunisindikiza nakaa pembeni ya soko la Mbuyuni, shata robo sekunde, kina mama wanapita na mizigo kichwani, kwenye picha wanatoka warefu, wameyumba, hawana sura, ni miti kweli inatembea, na napiga huku naomba kwa ajili ya kila mmoja maana simjui.

Mkono bado. Jumatatu nina mazoezi tena, naomba mnikumbuke saa nne asubuhi. Alhamisi nitakuja jumuiya na ile picha ya alfajiri, mama watoto ameitengenezea fremu.