Bando la wiki limekwisha Jumanne

Jumapili usiku nilijiunga GB 1 ya wiki. Jumanne, nikiwa ofisini nasahihisha madaftari ya darasa la sita, ikaingia meseji: bando lako limekwisha. Nilipofika nyumbani nikaanza kulalamika kwamba tunaibiwa. Mke wangu akanikatiza: "Baba Neema, umeangalia setingi?"

Nikaangalia. WhatsApp peke yake, MB 640. Nimo kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, na kwa siku mbili watu walikuwa wanarushiana video za vitambaa vya sare. Sikufungua hata robo yake, lakini simu ilizipakua zote yenyewe. Nimezima hiyo ya kupakua yenyewe: picha, sauti, video, hati, zote. Sasa video inakaa imefifia na uzito wake umeandikwa juu, MB 14, naamua mwenyewe kama kitambaa kina thamani hiyo.

Upande wa kusoma habari ndio ulionifurahisha zaidi. Huku Mlalo, milimani Lushoto, jioni simu yangu hubaki na E tu, ule mtandao wa taratibu, na kurasa za magazeti huzunguka mpaka maharage yanaiva. Nikapiga hesabu. Kwa maandishi ya Kiswahili, herufi moja ni baiti moja, kwa hiyo habari ya maneno 300 haifiki hata KB 3. Kinachozungusha ni picha na matangazo. Nikaweka kivinjari cha Firefox, ndani yake kiongezi cha kuzuia matangazo kiitwacho uBlock Origin, nikawasha kizuizi cha picha na video zinazozidi KB 50. Mahali pa picha panabaki kiboksi kitupu, nikiitaka, nakigusa. Maandishi hayanisubirishi tena.

Kivinjari kingine, Opera Mini, ninacho tangu enzi za simu ya vitufe. Ukurasa unapita kwanza kwenye seva zao, unabanwa, ndipo unaletwa kwako. Kwa kusoma iko vizuri. Ila ukiiweka kwenye ubanaji wa juu kabisa, fomu zinaweza kugoma. Niliwahi kujaza maombi ya uhamisho mara tatu, kitufe cha kutuma kimenuna tu. Chrome nao walikuwa na ubanaji wao, wakauondoa 2022, na mpaka leo kuna watu wananielekeza nikauwashe.

Leo Ijumaa, kwenye bando jipya nimebakiwa na MB 380. Kamati wametuma video nyingine, MB 22, eti zambarau imeongezwa. Nimewaomba picha moja.