Kaunta Buku la Mama

Mwishoni mwa 2020 mimi na kaka zangu wawili tuliamua kumkarabatia Mama jiko. Nyumba yake iko Sinza, Dar es Salaam, kwenye vile viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na jiko lilikuwa na umri wa nyumba: sakafu ya saruji imechimbika, karo la kuoshea vyombo limepasuka, bomba la chuma linatema maji ya kutu kila asubuhi. Tulichanga, Mama akaongeza alichovuna kwenye kikoba chake, ikafika shilingi 6,500,000.

Fundi akaja, akapima kwa hatua za miguu, akaandika makadirio kwenye kipande cha boksi la marumaru. Jumla 9,200,000. Mimi nilishashika simu niwaombe kaka waongeze. Mama akavaa miwani.

Lazima niseme kidogo kuhusu Mama. Alikuwa mtunza stoo Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina. Amestaafu zamani, lakini ile tabia ya stoo haijastaafu. Kila kitu kinachoingia na kutoka nyumbani, hata mtungi wa gesi, kiko kwenye kaunta buku lenye jalada jeusi.

"Fundi, hii 'vifaa mbalimbali 800,000' ni mdudu gani?"

"Vitu vidogovidogo, mama. Skrubu, silikoni, nini…"

"Na huyo 'nini' ni shilingi ngapi?"

Fundi akacheka, akakaa kwenye kigoda. Jioni ile 'vifaa mbalimbali' ilichambuliwa mstari kwa mstari: bawaba, vishikizo vya milango, gundi ya marumaru, grauti, misumari, msasa. Ilipofika mwisho haikuzidi 350,000. Sidhani kama fundi alikuwa mwizi. Mafundi wengi wanaandika hivyo kwa sababu wateja hawaulizi, na kwa sababu bei ya duka la vifaa ya Jumatatu siyo ya Ijumaa.

Kisha Mama akaniambia nishike ncha ya futi. Sakafu ilikuwa mita 3 kwa 3.6, yaani mita za mraba 10.8. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 lina vipande vinne, linafunika 1.44. Akaongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vipande vya kukata na vitakavyovunjika, akapata boksi tisa. Kwenye makadirio zilikuwa kumi na mbili. Kwenye kuta ndiko alikokata vizuri zaidi. Fundi alikuwa amepiga hesabu ya marumaru kutoka sakafuni hadi dari, kuta zote. Mama akauliza zile za nyuma ya kabati atazitazama nani. Tukabaki na ukanda wa sentimita 60 juu ya kaunta, pale mafuta yanaporukia, kuta zingine zipigwe rangi ya mafuta.

Vita kubwa ilikuwa ya makabati. Kaka mkubwa, yuko Mwanza, alikuwa anatuma picha kila usiku: makabati meupe yanayong'aa, ya zile mbao za unga uliogandishwa, yanayouzwa kwa mita. Kwa bei tulizoambiwa, mita sita za chini peke yake zilipita milioni mbili. Mama alishaona makabati hayo kwa jirani. Bomba la sinki lilivuja kidogo tu, ubao wa chini ukavimba kama andazi. Na sisi tuko pwani, unyevu haungoji bomba livuje. Akaamua ya kwake: kuta fupi za tofali na slabu ya zege kwa kabati za chini, ndani zipigwe niru, kisha milango ya mninga kutoka kwa maseremala wa Keko. Juu kabati mbili tu, maana Mama ni mfupi, za juu zaidi asingezifikia.

Pesa iliyookolewa huko akaimwaga kwenye graniti ya juu ya kaunta. Hapo hakubishana hata kidogo, na mimi nilimwelewa. Ndipo anapokatia mchicha, anapokandia unga wa chapati, anapotua sufuria la moto.

Kuna mistari ambayo makadirio ya fundi hayakuwa nayo kabisa. Kubomoa na kutoa kifusi. Kirikuu cha kuleta mzigo kutoka Kariakoo na vijana wa kuushusha. Chai na chakula cha mafundi. Waya mnene wa jiko la umeme wenye swichi yake peke yake. Tundu la kupitisha mpira wa gesi, ili mtungi ukae nje kwenye kizimba, maana gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kungoja kiberiti. Vyote aliviandika. Vifaa angenunua mwenyewe kwa risiti, fundi achukue ufundi tu, kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya maji kukaa kwenye sinki usiku kucha bila kushuka.

Jumla mpya: 5,850,000. Zile 650,000 zilizobaki aliziita fungu la dharura, akanikataza nisilitaje mbele ya fundi.

Ukuta ulipobomolewa, bomba la chuma lilikatikia mkononi mwa fundi bomba. Lilikuwa limeoza mpaka kwenye mita. Kuweka ya plastiki yale yanayounganishwa kwa moto, njia nzima, kulikula 410,000. Wiki hizohizo saruji ikapanda nchi nzima. Mfuko tuliouhesabia 14,500 ukapita 20,000, mpaka Waziri Mkuu akawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Sisi mifuko yetu ilikuwa kumi na miwili tu, nyongeza 72,000. Wenzetu waliokuwa wanamwaga zege la msingi walilia.

Muda wote huo tulipikia uani kwa mkaa, na Mama hakulalamika. Nadhani alifurahia. Jiko la mkaa na mbuzi ya nazi vilibaki hukohuko hata baada ya kazi kuisha, ila sasa vina kibanda cha bati, nacho kilikuwa na mstari wake.

Siku ya kufunga hesabu zilibaki 168,000. Kaka mdogo akashauri tununue blenda, jiko lipendeze. Mama akafungua daftari, akapitisha kidole kuanzia juu hadi chini, kurasa zote.

"Blenda haimo," akasema, akazirudisha kwenye kikoba.