Kicheko cha Kashasha: nilivyokipanga kuwa albamu ya elektroniki

Kila niliyemwambia natengeneza albamu kuhusu kicheko cha Kashasha, kile kilichoenea kama ugonjwa shuleni mwaka 1962, alinipa ushauri uleule: pakua vicheko kwenye intaneti, virundike, viache vilie saa nzima bila kukatika. Ushauri huo umenichosha, kwa sababu unapotosha habari yenyewe. Wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika, hawakucheka mwaka mzima mfululizo. Kicheko kiliwashika kwa dakika au saa kadhaa, kikawaachia, kikarudi. Waliosumbuka muda mrefu zaidi walifika siku 16. Walilia pia, na wengine hawakutulia mahali pamoja. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, hawakupata sumu wala vijidudu. Hapakuwa na mzaha pale. Kwa hivyo nilianza kupanga kimya, kicheko kikafuata.

Mwendo niliupata kwa Robert Provine, mtafiti aliyepima vicheko. "Ha" moja huchukua karibu milisekunde 75, na kutoka mwanzo wa "ha" hii hadi mwanzo wa inayofuata ni karibu milisekunde 210. Gawanya 60 kwa 0.21: mapigo 286 kwa dakika. Nusu yake ni 143, na albamu nzima inatembea hapo.

Usimwambie mtu "cheka" ukitaka kumrekodi. Atatoa "ha" ndefu zilizopangwa mstari. Omba ruhusa mapema, weka kinasa sauti mezani watu wakila na kupiga stori, kiache saa mbili. Ukipata sekunde 40 safi, umepata nyingi. Kisha geuza kipande chote nyuma mbele. Watu hawaamini mpaka wasikie: bado ni kicheko, kwa maana "ha" moja inafanana pande zote mbili. Kinachobadilika ni nguvu. Kicheko cha kawaida huanza juu na kufifia. Kilichogeuzwa kinaanza chini na kupanda, kama kitu kinachomjia mtu bila yeye kukiita. Jaribu pia kukata "ha" zote na kuunganisha mapengo yaliyobaki. Utasikia pumzi moja ndefu, mtu akishusha moyo. Pumzi hiyo ndiyo besi ya wimbo wa tatu, imeshushwa oktava mbili.

Kazi kubwa ilikuwa maambukizi. Shule ilikuwa na wanafunzi 159, na 95 walishikwa, kuanzia wasichana watatu tarehe 30 Januari 1962. Ndani ya Pure Data, programu ya kutengenezea sauti, nilipanga visanduku 159, kimoja kwa kila mwanafunzi, kila kimoja milisekunde 210, kwa hivyo duru nzima ni sekunde 33 na kidogo. Duru moja ni siku moja. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi ni siku 47, yaani dakika 26.

Mara ya kwanza niliruhusu kila kisanduku kinacholia kiwashe kingine chochote, kwa nafasi ya asilimia 30. Hesabu hiyo hujizidisha yenyewe. Kufika duru ya 16 hivi nilikuwa tayari na 95, na nikiacha iendelee, zote 159 zinalia na sikio linafunga. Dawa ilikuwa ujirani. Kisanduku kinaweza kuwasha kilicho kando yake tu, kushoto au kulia, kwa nafasi moja kati ya tatu. Makundi matatu yana kingo sita, kwa hivyo kila duru huongeza viwili hivi, na siku 47 zinakufikisha karibu kabisa na 95. Weka vile vitatu vya mwanzo kwenye nafasi ya 1, 54 na 107. Ukivisogeza karibu, makundi yanagongana mapema na mwendo unapungua. Weka pia kihesabu kinachofunga mlango kwenye 95. Utasikia mafungu matatu ya kicheko yakinenepa, na kimya kati yake kikizidi kukonda bila kwisha, maana visanduku 64 havilii kamwe.

Mwangwi ni wa bati laini la geji 26 nililonunua Kamukunji, Nairobi, limening'inizwa kwa springi kwenye fremu ya mbao. Bati, springi na mbao vilikula elfu nne, tano hivi. Vipokezi ni vile visahani vya piezo, vinavyogeuza mtetemo kuwa umeme, vya milimita 27, vinavyouzwa barabara ya Luthuli kwa bei ya soda. Usivichomeke moja kwa moja kwenye mlango wa kuingizia sauti (line in) wa omu 10,000: karibu kila kitu chini ya hezi 800 kitapotea, na bati litasikika kama kikopo. Pitishia kikuza sauti chenye ukinzani wa megaomu 1, besi itarudi. Rekodi saa tisa usiku, bati hilo hunasa hata mlio wa matatu za barabara ya pili.

Duru ya 47 ikiisha, visanduku vyote 95 vinazimwa kwa mpigo, na bati linaachwa likilia peke yake hadi lichoke. Nilishauriwa nifunge hapo. Lakini tarehe 21 Mei shule ilifunguliwa, wasichana 57 wakashikwa, na mwisho wa Juni ikafungwa tena. Kwa hiyo wimbo wa pili unafunga mlango kwenye 57, na unaanza kabla bati halijanyamaza.