L iliyojificha ndani ya "tembea"

Tunasema "kivuko cha watembea kwa miguu". Kama kutembea ni kupiga hatua tu, miguu inatajwa ya nini? Inatajwa kwa sababu kiini cha neno hili ni kutoka na kuzunguka, hata pasipo pa kufika. Gari bovu likitengenezwa nalo hutembea, na anayesema "nitakuja kutembea kwenu" huenda akaja kwa basi. Mtembea bure si mkaa bure, walisema wazee, na hawakuwa wakihesabu hatua.

Asili yake ni Kibantu, na ushahidi umo ndani ya neno lenyewe. Linyambue: tembea, tembelea, tembeza. Hiyo l ya "tembelea" haikuzuka. Ni ya mzizi wa zamani, tembel-, iliyodondoka mbele ya a ya mwisho. Katika "tembeza" imegeuka z, kama lala inavyozaa laza. Potea/poteza na sogea/sogeza zimepita njia hiyohiyo. Wanyarwanda na Warundi husema gutembera, r ikiwa pale pale tulipoacha pengo.

Tafsiri za haraka ndizo zinazoliumiza neno hili. "Alitembea hadi mlangoni, akatembea ndani ya chumba" si Kiswahili. Alikwenda mlangoni, akaingia. Bibi hatumtembei, tunamtembelea. Mchuuzi hutembeza mihogo na mwenyeji humtembeza mgeni mjini, ila ukitembeza bakuli unaombaomba. Na ukiandika kwamba mwalimu "anatembea na" jirani yake, wasomaji wataelewa ni wapenzi. Kama walikuwa njia moja tu, andika "anafuatana na".

Matembezi ya starehe hasa yana jina lake tamu: kupunga upepo. Jua likipoa, watu hushuka Forodhani au Coco Beach, wala hakuna anayewauliza wanafuata nini.

Kuzurura ni jambo jingine. Mwendo unaweza kuwa uleule, barabara ileile, lakini neno hili humhukumu mtu kwamba hana kazi ya maana. Tanzania ilipotunga Sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, watu wasio na ajira rasmi walikamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini wakalime. Waliitwa wazururaji, hakuna aliyewaita watembezi.