Mkunga yuko wapi?

Swali la mama limenikaa moyoni tangu Jumapili na halitaki kutoka. Pendekezo langu la utafiti limepita, arusi ya Mwanaidi imekwisha salama kule Pongwe, theluji imeanguka Budapest nzima, na yote hayo yamenipita nikiwaza maneno ya mama.

Nilikuwa nimesimama mbele ya hospitali ya Rókus, barabara ya Rákóczi, nikampigia simu ya video. Nilitaka aione sanamu ya Semmelweis, maana habari za daktari huyo nilizisikia kwake kabla sijakanyaga chuo chochote. Mnaomjua mama mnajua alivyo: miaka yake yote ya ukunga leba, kucha hazikuwahi kuvuka ncha ya kidole, na mpaka leo hampakati mjukuu kabla hajanawa hadi kwenye viwiko. Shikamoo, marahaba, habari za baridi, kisha nikageuza kamera. Daktari yuko juu, wa marumaru nyeupe. Chini yake ameketi mwanamke na kichanga, kainua uso anamtazama.

Mama akanyamaza kidogo.

"Daktari nimemwona. Mzazi nimemwona, na mwanawe. Mkunga yuko wapi?"

"Mama, hii ni sanamu ya daktari."

"Haya."

Akaniuliza kama nimekula, tukaagana.

Isingeniuma hivi kama angekuwa amekosea. Lakini kisa chenyewe kilianza na wakunga! Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Mwaka 1846, kwa madaktari walikufa wazazi zaidi ya 10 katika kila 100. Kwa wakunga hawakufika 3. Wajawazito wakilia, wakiomba wasipelekwe kwa madaktari. Semmelweis aliiangalia tofauti hiyo mpaka ikamkosesha raha, na mwaka 1847 akaelewa: madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti, kisha wanakuja na mikono ileile kumpima mzazi. Akaamuru wote wanawe kwa maji ya klorini, vifo vikashuka. Sasa niambieni, bila wodi ile ya wakunga angelinganisha na nini? Na "Mama, hii ni sanamu ya daktari" ndilo jibu nililompa mwanamke aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa wetu. Nalirudia kila nikipanda tramu.

Wiki nzima nikamkasirikia mchongaji. Ni Alajos Stróbl, aliyezaliwa mwaka 1856 Liptóújvár, ambako leo ni Slovakia. Alisomea Vienna kwa Kaspar Zumbusch, na kuanzia mwaka 1885 akafundisha uchongaji hapa Budapest. Huwezi kutembea mji huu usimkute. Watunzi wa muziki Liszt na Erkel walioketi kwenye jengo la Opera ni wake, mshairi Arany mbele ya Makumbusho ya Taifa ni wake, mfalme Mátyás na mbwa zake za kuwindia kule ngomeni Buda ni wake. Mwaka uleule wa 1906 ambao Semmelweis alizinduliwa, alizinduliwa pia Mtakatifu Stefano wake, mfalme wa kwanza wa Hungaria, juu ya farasi. Nikasema moyoni, mtu huyu kazi yake ilikuwa kuwapandisha wakubwa.

Jana nikapanda ngomeni, Matunzio ya Taifa, kumtazama mama yake. Stróbl alimchonga mama yake mzazi kwa marumaru mwaka 1896, akaiita kazi hiyo Mama Yetu, nayo ikampatia tuzo kuu kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Ni bibi mzee ameketi, basi. Hana farasi, hana upanga, hakuna mwanamume wa kumwinulia uso. Nilikaa mbele yake mpaka miguu ikafa ganzi, na hasira yote ikaniishia. Kwangu mimi hakuna mfalme wake hata mmoja anayemfikia bibi huyu. Mkono uliomchonga ulijua kulala njaa ili mtoto ale kunamfanya nini mwanamke usoni.

Mkunga wangu bado namdai, hilo siliachi. Aliyemwona mama yake namna hii alikuwa na macho ya kumwona na mkunga, amchonge hata na beseni lake tu.

Nikampelekea mama picha. Usiku ukaingia ujumbe wa sauti, na jogoo wa jirani anawika nyuma: "Huyu amekaa kwake. Mwanawe alimwangalia huyu. Nisafishie picha, uniletee ukija." Nimeusikiliza tena asubuhi hii nikicheka peke yangu jikoni, na wale wasichana wa Vietnam wakacheka nami bila kujua kisa.

Ila Hamisi hajanijibu kuhusu ada ya Zuhura. Hela nilituma, naye ameuona ujumbe, na shule zinafunguliwa Jumatatu.